Jogoo wa Daktari Sylus

Lynn wewe, uko? Jedidah wetu leo amepatikana!

Si unajua leo alikuwa anamfanyia Daktari Sylus ile tathmini ya kazi ya kila mwaka? Malalamiko juu yake ni yale yale: anabadilishia watu dawa za presha bila kuwapima. Bila kuwapima, Lynn!

Jedidah akamuuliza wazi. Jamaa akatabasamu tu. "Mama hajambo? Jana nilipita kwenu Ronge nikampelekea jogoo."

Jogoo!! Nani alimwonyesha kwao? Na mama yake unamjua, mgeni akileta kuku hawezi kumrudisha naye. Jogoo alishaliwa jana hiyo hiyo.

Jedidah akaona hapa anafungwa mdomo. Akamwambia, "Jogoo si jibu, daktari."

Sylus hata hakushtuka. "Usijali. Mama nimemwachia dawa mpya ya presha. Ile ya zamani nimemwambia aitupe."

Lynn, Jedidah alitoka mle ndani mbio akapiga simu. "Mama, alikupima kwanza?"

Mama akacheka. "Anipime na nini, mwanangu? Si alikuja na jogoo tu."