Kila Mmoja Alidhani Mama Yuko na Mwenzake

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuomba unisome hadi mwisho, maana jambo hili hata dada yangu wa tumbo moja sijamwambia.

Mimi ni fundi cherehani, naishi ghorofa ya tatu na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe, ambaye tangu apate kiharusi anatembea kwa kushika ukuta, na mwezi uliopita, mchana kweupe, karakana ya magodoro iliyo chini ya jengo letu ilishika moto, moshi ukapanda ngazi mweusi tii, watu wakawa wanapiga kelele "Tokeni! Tokeni!", nami nikamtupa mdogo mgongoni, mkubwa nikamkamata mkono, nikashuka nikijua kabisa mume wangu yuko nyuma na mama yake, kwa kuwa mama ni wake, naye akashuka kakumbatia mtungi wa gesi eti usilipuke, akijua kabisa mama ninaye mimi, kwa kuwa ni mimi ninayemwogesha na kumlisha.

Tulikutana barabarani, tukaulizana kwa pamoja, "Mama yuko wapi?"

Mume wangu alitaka kurudi ndani, watu wakamshika. Hatukungoja sana, ingawa mimi niliona kama mwaka, mara akatokea kinyozi, jirani yetu wa juu, kambeba mama mgongoni. Alikuwa anakimbia zake, akasikia mtu anakohoa mle ndani, akaingia. Mama alilazwa kwa ajili ya moshi, sasa amepona na yuko nyumbani.

Tatizo ni sisi. Nikimwambia mume wangu tukae tupange nani atamshika nani, anafoka, "Usituitie balaa! Limepita, limepita." Nikisisitiza, anasema, "Sema tu kwamba nilimwacha mama yangu." Basi nanyamaza. Na mama anasikia yote, kwa sababu nyumba yenyewe kuta zake ni kama karatasi. Juzi namkanda miguu akaniambia, "Mwanangu, msigombane kwa ajili yangu. Ikitokea tena okoeni watoto. Mimi chumvi niliyokula inanitosha." Nikaendelea kumkanda.

Wifi yangu anaishi nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, na yuko tayari kumchukua. Nusu ya moyo wangu inataka aende, nusu inaniambia tunamfukuza. Nifanyeje?

Fundi Cherehani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa moshi, na pole zaidi kwa ukimya ulioingia baada yake.

Hamkumwacha mama kwa kukosa mapenzi. Mlimwacha kwa sababu hamkuwahi kusemezana. Wewe ulimpa mumeo kazi kimoyomoyo, naye akakupa wewe. Mumeo analijua hilo, ndiyo maana anafoka. Lakini aibu yake haitambeba mama kushuka ngazi. Na wewe acha kunyamaza kila anapopandisha sauti. Sote tulikaririshwa "tahadhari kabla ya hatari" tungali wadogo, leo mtu mzima akiambiwa apange, anasema anaitiwa balaa! Balaa lilishapanda ngazi zenu bila kuitwa.

Kuhusu wifi, mama akitaka mwenyewe kwenda, aende, nyumba ya chini ina nafuu. Lakini je, umemuuliza? Katika barua yako yote sioni mahali mtu alipomuuliza mama anataka nini. Anawasikia mkigombana, basi anajitolea kufa ili mpatane. Hilo nakukemea. Kamuulize leo, tena muulize anavyopenda kubebwa na wapi panamuuma.

Kisha fanyeni hivi. Tafuteni kiti imara cha mbao chenye mikono, kikae karibu na kitanda chake. Mumeo ashike nyuma, kinyozi ashike mbele, wewe chukua watoto. Mumeo asipokuwepo, nani atashika nyuma? Gonga milango ya majirani umpate mtu kabla hujamhitaji. Mjaribu kushuka mchana, polepole, mama mwenyewe akiwa kwenye kiti, si gunia la mchele. Mtungi wa gesi hufungwa ukaachwa, haukumbatiwi. Ngazi zikijaa moshi msishuke: fungeni mlango, zibeni chini yake kwa nguo mbichi, mwite msaada dirishani. Halafu wapangaji wote mwende pamoja kwa watu wa zimamoto mkaulize kwa nini magodoro yanalala chini ya vitanda vyenu.

Mumeo akikataa, usibishane naye chumbani. Nendeni mkakae wote wawili mbele ya mama, umuulize mumeo kwa upole, "Siku hiyo ikija, wewe utamshika nani?" Kisha funga mdomo. Usimjibie. Mwache mama asikie jibu kwa mwanawe.