Mikoko ya Baba Iliyokataa Kung'oka

Baba,

Sijui huko watu hujuliana hali vipi, kwa hiyo naanza na za hapa Kabiria. Mama hajambo. Koti lako la kazi amekataa kulifua, anasema likifuliwa litabaki koti tu. Na jirani yetu Mama Shiru bado anamsaka mtu aliyekata ua wake wa miiba ya kayaba. Nimenyamaza. Marehemu hashtakiwi, lakini binti yake yuko karibu.

Ile modeli ya hoteli ya Pwani uliyonitengenezea niliipeleka ofisini Hurlingham Jumanne. Vijiti vya Mama Shiru ulivichonga vikawa mikoko kabisa, mizizi juu kama vidole vya kuku. Kila mtu aliinama kutazama, isipokuwa mwenye mradi. Alikuja na chai mkononi, akasema, "Msanifu, kazi poa. Lakini hii miti itoke. Mgeni analipia bahari, halipii kichaka."

Nikaanza kumweleza: samaki huzaa humo, mawimbi huvunjikia humo. Sauti ilinitoka kama ya mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Hakungoja. Akaweka kikombe mezani, akashika mkoko mmoja, akavuta. Wapi! Akavuta kwa mikono miwili.

Baba, ile gundi yako, uliyokuwa ukiichemsha mpaka majirani wanafunga madirisha! Ubao ulipinda. Mikoko, kimya. Hoteli, niliyoibandika mwenyewe kwa gundi ya dukani kwa sababu ulikuwa umeshalazwa hospitalini, ikafyatuka, ikapaa, ikatumbukia kwenye chai yake.

Alikuwepo Bi Mwanasha, aliyetoka Pwani kwa niaba ya kina mama wanaovua kaa mikokoni humo. Akalivuta buibui lake vizuri, akasema polepole, "Bwana, hata kule kwetu, bahari ikichafuka huwa ni hivyo hivyo."

Mwenye mradi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. "Haya mama, sasa hoteli yangu niiweke wapi?"

Bi Mwanasha akaiopoa kwa kijiko, akaikung'uta, akaiweka nyuma ya mikoko. "Hapa. Na wageni wako wapite hapa, pamoja na sisi."

Alikuwa anaonyesha ile njia yako ya vijiti vya meno, iliyoinuka juu ya tope ili watu wapite juu na kaa chini. Mimi sikuwa nimeichora, Baba. Ni wewe uliyeniuliza, "Na hao kina mama watapita wapi?" Nikakujibu nina haraka.

Bi Mwanasha akaniuliza aliyetengeneza modeli ni wa pande zipi, maana anawajua kaa. Nikamwambia, "Ni mtu wa Pwani kabisa." Nisamehe. Ningesemaje? Kwamba ni Mkamba wa Machakos aliyefika Mtito, nusu ya safari, tumbo likamsokota, akapanda basi la kurudi? Kwamba bahari aliionea kwenye kalenda ya buchari ya nyama? Niliingia chooni nikacheka, halafu nikalia, mpaka mama wa usafi akagonga mlango kuuliza kama niko sawa.

Michoro mipya imekubaliwa. Jumatatu naenda kupima kiwanja, na Mama anakuja. Amefunga blanketi mbili, ati amesikia Pwani kuna upepo.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitamwambia Bi Mwanasha ukweli, tukiwa tumesimama kwenye lile tope. Akikasirika, nitamwachia Mama amsimulie habari zako. Unamjua mkeo. Kabla hajamaliza, tutakuwa tumeshakaribishwa chakula.

Wako,
Mwende