Nilichokuficha Kuhusu Goti Lako

Mwanangu Kokuhirwa,

Nakuandikia nikiwa hapa hapa Kanoni, kwenye kibanja chetu cha migomba. Huko kwako Biharamulo ni mbali, na najua kupanda na kushuka gari ni kazi kwako. Heri nikuandikie.

Ilikuwa miaka sita tangu Vita vya Kagera viishe. Ulikuwa darasa la saba, na kwenye mpira wa pete hakuna aliyekufikia. Siku ile uliruka kudaka mpira, ukaangukia goti likiwa limekunjwa, juu ya jiwe. Nilikupakia kwenye baiskeli hadi hospitali. Daktari alikulaza chali, akakukunja magoti yote mawili, akainama kuyatazama kwa upande. Hata mimi niliona: muundi wa kulia ulikuwa umezama nyuma kidogo. Akakufunga vibao, kisha akaniita nje.

"Kano ya nyuma, ndani ya goti, imechanika," aliniambia. "Kwa watoto siioni mara nyingi. Mguu ukae umenyooka wiki sita, na mwaka huu asicheze."

Uliponiuliza amesemaje, nilikwambia ni uvimbe tu.

Mwalimu wako alikuwa ameniambia kwamba timu ikishinda wilayani, kuna sekondari itakuchukua. Sikuwa na njia nyingine ya kukusomesha. Wiki ya tatu nilivifungua vile vibao kwa mikono yangu. Ulilalamika kwamba ukishuka mteremko goti linakuponyoka. Nikakwambia ujikaze. Mama yako aliuliza kama daktari ameruhusu, nikasema ndiyo. Alikufa akiamini hivyo.

Siku ya mechi ya wilaya hukumaliza hata kipindi cha kwanza. Uligeuka, mguu ukakataa, ukaanguka bila kulia. Sekondari ikachukua mwingine. Daktari alipoliona tena lile goti hakunigombeza. Alisema tu kwamba sasa hana la kufanya, akaenda kunawa mikono.

Tuliporudi nyumbani ulinishika mkono, ukasema, "Baba, nisamehe. Sikujikaza vya kutosha."

Nami nikakujibu kwamba nimekusamehe.

Mwanangu, nimezeeka, na jibu lile bado linanichoma kuliko uwongo wenyewe. Hukuwa na kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi, na nilikuacha ulibebe mpaka ukaolewa nalo. Ukitaka kunijibu, nijibu. Ukinyamaza, nitaelewa. Wasalimie wajukuu wangu, na ukiona inafaa, waambie ukweli huu.

Ni mimi,
baba yako