Vidonge vya Aprili

Kambini, Kasulu
2 Septemba 2012

Mwana wanje, mwanangu Aurore,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Huku tunapumua, magoti tu ndiyo yananisumbua. Wewe je, damu imepanda?

Mdogo wangu Leonia ameniandikia kuwa ukitoka sokoni unakaa chini njiani mara mbili, na hospitali wamekuongezea damu tena. Miezi sita ya vidonge vya kuongeza damu, bado tu? Uliniapia kwa Biblia kuwa unameza, lakini tangu utoto ulikuwa unaficha dawa chini ya mkeka. Meza, mwanangu. Nimeshazika mmoja, wa pili sitaweza. Nakutumia rozela kavu, chemsha unywe.

Mama yako,
Verediana

Buzebazeba, Ujiji
14 Oktoba 2012

Mama, shikamoo.

Rozela imefika, asante. Mama mdogo anakusalimu. Damu haijapanda.

Daktari naye alidhani situmii dawa. Halafu akanipima tumbo kwa ultrasaundi, akaona uvimbe unaning'inia ukingoni mwa ini, mkubwa kama ngumi. Akasema, "Si saratani. Lakini unaufanya mwili uyafungie madini ya chuma, damu mpya haitengenezwi. Hata ungemeza ndoo nzima ya vidonge." Anasema ni nadra, hajawahi kuuona. Hilo ndilo linalonitisha.

Bingwa wa kunipasua anakuja tarehe 22 Novemba. Anatakiwa ndugu wa kunitolea damu, na ya mama mdogo haikulingana na yangu. Naogopa, Mama.

Mwanao,
Aurore

Kambini
4 Novemba 2012

Mwana wanje,

Hata salamu zinanishinda. Nisamehe. Nilikuita mwongo, kumbe ni ini.

Damu yetu ni kundi moja, walitupima ulipozaliwa. Nimeomba kibali cha kutoka kambini, sijajibiwa. Na jina langu limesomwa kwenye orodha ya wakimbizi wanaorudishwa: basi la kurudi Burundi ni tarehe 20. Nisipofika, ujue sikukataa.

Mama yako,
Verediana

Wodini, Kigoma
22 Novemba 2012

Mama, shikamoo.

Barua hii haina stempu. Umelala kitanda cha jirani, pamba mkononi, na damu yako wameshaipeleka maabara. Kibali chako ni cha siku tatu. Basi liliondoka bila wewe, na sijui ukirudi kambini watakupokeaje.

Jana uliniomba radhi mara ya tatu, nikajifanya nimelala. Mama, vidonge vya Aprili sikumeza. Vilinichafua tumbo, nikavitupa chooni, nikakuapia kwa Biblia. Daktari anasema visingesaidia, lakini niliapa. Siwezi kuongezewa damu yako katika chumba cha upasuaji na uongo huu ningali nao.

Naikunja barua hii ndani ya kitenge chako. Nikitoka salama nitakuambia kwa mdomo, unigombeze utakavyo. Muuguzi ameshaita jina langu.

Mwanao,
Aurore