Binti Amekataa Kukaa na Mvulana

Mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla sijagombana na mtaa mzima. Mimi ni fundi cherehani hapa Kharumwa, mume wangu yuko machimboni anarudi mara moja kwa mwezi, na binti yetu Nyamizi ana miaka kumi na moja, yuko darasa la tano. Wiki iliyopita mwalimu wake akanipigia, nikaacha gauni la mteja kwenye mashine nikakimbia shuleni, nikamkuta Nyamizi analia, amegoma kukaa dawati moja na Magesa, na hao wamekaa pamoja tangu darasa la tatu, eti bora akae sakafuni. Nikamuuliza mbele ya mwalimu, "Amekufanya nini?" Nyumbani ndipo akasema, "Mama, nikigusana na mvulana nitapata mimba. Mama Kudra kaniambia." Huyo ni jirani yetu muuza maandazi, nikafoka, anakuambiaje mambo hayo wewe mtoto, akajibu taratibu, "Nilipoona damu nilienda kwake, akanipa pedi." Damu lini? "Mwezi wa tatu." Leo ni Julai, mshauri! Mtoto amevunja ungo miezi minne, na mimi ninayemshonea sare sijui! Nikamfuata Mama Kudra nikamtukana hadi wateja wake wakaondoka, sasa hatusalimiani, na mume wangu nilipompigia akasema, "Hayo ni ya wanawake," akakata simu. Mimi nilipanga kumweleza akimaliza la saba, maana hata mimi niliambiwa na shangazi siku moja kabla ya harusi. Je, nimshitaki huyu mama kwa mwenyekiti? Na mtoto nimwambie nini bila kumfungua macho?

Mama Nyamizi, Kharumwa

JIBU

Marahaba, Mama Nyamizi. Mwenyekiti mwache apumzike. Atakuuliza mtoto alipoona damu wewe ulikuwa wapi, na utajibu nini?

Inauma, najua, kusikia habari za mwanao kwa jirani. Lakini kwa nini alikwenda huko? Tazama hata wiki iliyopita: ulimhoji mbele ya mwalimu, kisha ukamfokea hata hajamaliza kusema. Mtoto humsoma mama yake usoni kwanza.

Unasubiri la saba! Nani aliuambia mwili wake usubiri mtihani? Macho yalishafunguka, tena nusu, na nusu hiyo ni hatari. Siku akigundua kwamba kugusana bega hakuleti mimba, ataona yote aliyoambiwa ni uongo, na kijana mwenye pikipiki ndiye atakayeaminika.

Leo hii funga cherehani mapema. Kaeni wawili mchambue dagaa. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hulegea. Anza kwa kumwomba radhi. Mweleze damu ni nini na mimba huingiaje hasa, viungo uvitaje kwa majina yake. Mwambie yeyote akimshika asivyotaka, awe mjomba au mwalimu, aje kwako na hutamchapa. Usipojua jambo, mwende zahanati mkamuulize muuguzi. Mwezi ujao mzungumze tena, na baba yake akirudi ajue. Mtoto ni wake pia.

Kesho asubuhi nenda kwa Mama Kudra, wateja wakiwepo, maana ulimtukana mbele yao. Umshukuru kwa pedi, umwombe msamaha, halafu umwambie habari ya Magesa ili mcheke pamoja.