Sauti Yangu Kwenye Kompyuta ya Baba

Tarehe 3 Machi

…na ndiyo, kaka, nilitia saini. Usininunie kabla hujanisikiliza. Hamjambo lakini? Magoti ya baba je? Mimi ni mzima kiasi cha kuona haya. Wiki ya sita ya ndoa, na mume wangu akiingia mlangoni bado naangusha vijiko.

Alileta karatasi ya mkataba wa kampuni anakofanya kazi mezani wakati wa chai. "Mke wangu," akasema, "wema wa kaka yako umezaa programu ya kuwasomea wasioona, lakini wema haulipi mafundi." Wewe uliitoa bure kwa yeyote, kwa hiyo kilichobaki kutiwa saini ni sauti yangu tu, iwe yao peke yao. Fikiria, kaka, niwasomee watu wa dunia nzima! Naye ananitazama nikiandika haya, anatabasamu, nakosa pumzi.

Mdogo wako, bibi harusi

Tarehe 9 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zako na za shemeji zilifika. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilinuna kweli. Magoti ya baba yanamsumbua asubuhi tu.

Nakumbuka lile kabati tulilolitandika mablanketi, wewe ndani unatiririka jasho, ukisoma maneno elfu nne nami nikiyarekodi, ili baba, aliyepanga herufi katika kiwanda cha uchapaji maisha yake yote, asikose kusoma baada ya macho kuzimika. Ulipofika "kiboko" ulicheka tukapoteza mchana. Hatukuwaza kuuza. Nakiri pia hatukuweza kuitengeneza: miaka miwili ilikwama kila ukurasa wa tatu, nami nikisema kesho. Kampuni imeiponya. Nilimwekea baba hiyo yao mpya, na sasa inasoma kama maji.

Lakini kila baada ya dakika kumi inakatisha sentensi na kusema, kwa sauti yako: "Muda wako umekwisha. Lipia ili niendelee." Mara ya kwanza baba aliuliza, "Nimemkosea nini?" Nikamwambia ni mashine. "Najua ni mashine, mimi si mtoto. Lakini anayenifukuza ni nani?"

Nilitaka kulipia, akakataa. Sauti ya mwanawe hainunui. Nilitaka kumrudishia nakala yetu ya zamani, karatasi uliyotia saini inanikataza: sauti yako sasa ni ya kampuni. Kompyuta ameifunika kitambaa.

Kaka yako

Tarehe 15 Julai

Kaka,

Salamu kwako, na kwa baba kama atazipokea.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni. Mume wangu alidhani kuna msiba. Nilimpa aisome. Aliikunja, akasema taratibu, "Bila malipo ingekufa, mpenzi. Unajua ilivyokuwa ikikwama." Najua. Hakudanganya hata neno moja, na bado nampenda, na siku nzima nilishindwa kumtazama usoni.

Nilimwomba waondoe maneno yale tu. Akauliza kazini. Wamejibu kuwa ndiyo sentensi inayoleta wateja wengi: sauti yangu ni ya upole, watu hawaikatalii. Kaka, sikuwahi kusema vile kabatini. Wameyaunga kutoka kwenye maneno niliyomsomea baba.

Nakuja kabla mwezi huu haujaisha, mume wangu anisindikize au asinisindikize. Usimwambie baba. Niandikie tu ni kitabu gani na ni ukurasa gani alipokatishwa. Nitaketi kando ya kompyuta yake nianzie hapo. Mwanzoni atadhani umeiwasha. Halafu dakika kumi zitapita, na mimi nitakuwa bado nasoma.

Mdogo wako