Mashine Yako Imevishwa Upya

Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
18 Agosti 1974

Mpendwa kaka yangu Thuwaini,

Asalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na wote walio chini ya dari yako. Sie hatujambo. Mama miguu humsumbua asubuhi, lakini akishapata chai huzunguka uani kama kawaida yake. Mume wangu Hashil yupo dukani. Sabuni imekuwa ya kupigania, ila Mungu hajatutupa.

Jamali, mtoto wa ami, alipofika kutoka huko alituambia unaulizia mashine yako ya boti. Bora nikueleze mwenyewe, usije ukasikia kwa wengine.

Tangu uondoke ilikuwa kwenye chumba cha uani, imefungwa kwenye mbao zake na kufunikwa shuka. Kila Ijumaa Mama aliipangusa. Jirani yetu Fransis, yule mtu wa Newala, sasa anavua na kijiji cha ujamaa cha wavuvi kule Mjimwema. Mashine yao ilikufa, akaja kwa adabu kuomba yako. Mama akamjibu, "Ina mwenyewe, na mwenyewe atarudi." Fransis akamaliza kahawa, akaaga, asilirudie tena neno hilo.

Wakawa wanapiga makasia. Mara nyingi nilimwona mkewe, Felicitas, akirudi kutoka sokoni na kapu la samaki waliokwisha lainika, anapita mlangoni kwetu akiangalia chini. Hakuwahi kutulaumu. Ingekuwa nafuu angetulaumu.

Basi kwa ajili ya swali lako tukaifunua mashine vizuri. Kaka, ule mpira mpana unaofunika nyaya na mipira ya mafuta, unaotoka kwenye boti kuingia kwenye mashine, ulikuwa umekauka na kupasuka. Ndani yake panya walikuwa wamezaa. Waya mmoja umebaki shaba tupu, na mpira wa mafuta ukiukunja unakatika kama muwa.

Mama alikaa chini palepale. "Wiki zote hizi napangusa," akasema, "kumbe napangusa juu tu."

Siku ile hakula. Asubuhi yake akanituma nikamwite Fransis.

Kifuniko cha namna ile hakipo dukani, si mjini wala huku. Fransis akabadilisha nyaya zilizoliwa na mipira ya mafuta. Mie nikakata turubai la lori, nikashona ala ndefu ya kuzivisha nyaya kwa cherehani, na sindano zikanivunjikia. Mama akaninyang'anya kazi ya mwisho. Alitaka kufunga ncha mwenyewe, kwa sindano ya magunia. Alivuta uzi kwa nguvu zake zote mpaka Fransis akamwambia taratibu, "Legeza kidogo, mama. Boti ikikata kona, nyaya zinataka nafasi."

Nilidhani atakasirika. Alimtazama kidogo, akafumua, akaanza tena. Juu ya zile ncha wakavisha mpira wa baiskeli ili maji yasiingie.

Tukaijaribu uani, imetumbukizwa kwenye pipa la maji. Ilikohoa mara kadhaa, kisha ikaunguruma, na majirani wakajaa mlangoni. Mama aliweka kiganja juu ya ala mpya, akaacha mkono utikisike pamoja nayo. Ilipozimwa akasema, "Ichukue, Fransis. Lakini kila mkirudi kutoka baharini mwisafishe kwa maji baridi ya kisima, chumvi isiile. Mwanangu alikuwa haisahau hiyo."

Nilisikia alivyosema "alikuwa." Fransis naye alisikia, maana aliinama akashughulika na kamba zisizohitaji kufungwa.

Sasa hivi wanavua mpaka mbali, na samaki hufika sokoni wangali wazuri. Mashine bado ni yako. Ukiitaka, utarudishiwa. Ila sidhani utaitaka, na nadhani wewe wajua hivyo kunishinda mie.

Walipokwisha kuitoa kwa mkokoteni, Mama aliniuliza, "Thuwaini ameoa huko?" Jamali alikuwa amenidokeza mie peke yangu, na nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia. Sikuweza kumficha. Nikamjibu ndiyo, na ana binti. Hakulia. Akauliza anaitwa nani, lakini jina Jamali hakulijua.

Kaka, mwandikie Mama kwa mkono wako. Hataki maelezo, wala hakudai urudi. Amekwisha nunua kitambaa cha kanzu ya mtoto, na ameniuliza kama nadhani binti yako keshaweza kutembea.

Hashil anakusalimu sana, na shangazi Bahiya, na Fransis na Felicitas wanakuombea kheri. Mola akupe afya na riziki ya halali, akulinde ugenini. Msalimie sana wifi yangu, na kwa niaba ya bibi yake umbusu huyo mtoto ambaye bado hatujui tumwite nani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Thuraya